Imebaki Moja

Uweso alikuwa amebakiwa na talaka moja, na mtaa mzima wa Chumbageni ulijua. Mara ya kwanza alimwacha mkewe, Mboni, kwa ugomvi wa harusi ambayo mke alikwenda bila kumuaga. Mara ya pili alimwacha mlangoni, funguo za ghala zikiwa bado mkononi, hata viatu hajavua, kwa jambo dogo ambalo leo wote wawili ukiwauliza kila mmoja atalisimulia lake. Mara zote mbili hasira ziliposhuka alilia kama mfiwa, akamrejea kabla eda haijaisha, na mara zote mbili Shekhe Abdulghani ndiye aliyesimamia rejea. Ile ya pili Shekhe alimshika mkono na hakuuachia upesi.

"Sasa imebaki moja," alimwambia. "Hiyo ikikutoka, mwanangu, hakuna kurejeana. Mboni hatakuwa wako tena mpaka aolewe na mwanamume mwingine, akae naye unyumba wa kweli, na watengane kwa mambo yao wenyewe. Wala usije kwangu kutafuta njia ya mkato. Sina."

Tangu siku hiyo Uweso akaanza kulikimbia neno.

Mtu asiyepatwa na jambo hili hawezi kujua jinsi neno "acha" lilivyotapakaa katika Kiswahili chetu. Liko sokoni, liko jikoni, liko kwenye mzaha na kwenye dua. Uweso aliling'oa lote, na matawi yake, akalitupa nje ya kinywa chake. Akitaka mlango ubaki wazi alisema, "Usiufunge." Akisahau miwani alisema, "Miwani imebaki nyumbani." Bintiye Najat akipiga kelele aliambiwa anyamaze, hakuambiwa aache. Na huko Muheza, kwenye ghala la machungwa alikokuwa msimamizi, wapakiaji walikwisha kumzoea. Mpakiaji mmoja mcheshi, jina lake Sele, alikuwa na usemi kwamba siku bosi atakapotaka kuwaambia waache kazi wakale, watakufa njaa kabla hajapata pa kulizungukia neno.

Walicheka. Uweso naye alicheka, maana angefanya nini. Lakini moyoni hakucheka. Kila hasira zilipompanda alilisikia lile neno kinywani, dogo na gumu, kama mbegu ya chungwa iliyonasa kwenye meno, na ulimi unaifuata tu, unaifuata, mtu apende asipende.

Na hasira zilikuwa nyingi. Msimu ule michungwa ilizaa kupita kiasi na wanunuzi wa Nairobi wakachelewa. Matenga yalirundikana mpaka dirishani, ya chini yakaanza kulowana, ghala zima likanuka uchachu unaoingia kwenye nguo na kulala na mtu kitandani. Mwenye ghala alipiga simu kila asubuhi kuuliza kwa nini mzigo hauondoki, kana kwamba Uweso ndiye aliyeipanda michungwa yote ile. Usingizi ukamkimbia. Kifua kikawa kinampiga kama mtu anayegonga mlango kwa kiganja. Alikwenda hospitali wakampima moyo, wakamwambia moyo wake ni mzima kabisa, apunguze mawazo.

Akirudi nyumbani hakusema na mtu. Nyumba yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mkwewe, Bi Mwamvua, mjane wa Pangani aliyerithi pale Chumbageni. Ilikuwa nyumba ya zamani, vyumba sita na ukumbi katikati, na kuta zake hazikufika juu. Juu ya kuta palikuwa na uwazi mpaka kwenye boriti na mabati, kwa ajili ya upepo, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha mbele, aliye chumba cha uani humwambia pole. Bi Mwamvua alimheshimu mkwewe kwa chakula na kwa maji ya kuoga, lakini hakumsamehe. Alimpa jina. Akisikia mlango unalia jioni, alisema kutoka chumbani kwake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwenye moja karudi. Mwandalieni."

Mboni alivumilia mengi, na alilokuja kulishindwa ni ule ukimya. Siku moja, akimwekea kahawa, alikaa kitako mbele yake, jambo ambalo alikuwa hajalifanya kwa muda mrefu.

"Baba Najat," alisema, "mimi sikukurudia ili niishi na mtu anayetembea juu ya vigae. Huongei nami kwa kuogopa neno moja, na mimi nikikuona umekunja uso natoka chumbani kwa kuogopa neno hilo hilo. Sasa ndoa iko wapi hapo?"

Uweso alimuuliza anataka afanye nini. Ndipo Mboni alipomtajia binamu yake Nasra, muuguzi, ambaye alikuwa anamjua mtaalamu wa ushauri anayezungumza na watu kwa simu, kwa picha, mtu na mtu. Mwanamke, mtaratibu, wa mbali, yuko Dodoma. Uweso alikataa papo hapo. Mambo ya chumbani kwake akayaseme kwenye simu, tena kwa mwanamke? Lakini usiku ule kifua kilimgonga mpaka adhana ya alfajiri, na kulipokucha aliiomba ile namba mwenyewe, bila kumtazama mkewe usoni. Jambo lililompa nguvu ni ule umbali. Mtu wa Dodoma hatakutana naye Ngamiani akinunua samaki.

Jina la mshauri lilikuwa Devota. Alikuwa Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri, na nyuma ya kichwa chake ukutani palionekana kalenda ya usharika. Alimwita kaka Uweso. Walikubaliana wawe wanazungumza Jumamosi baada ya alasiri, saa ambayo Mboni na mama yake aghalabu huwa kwenye shughuli za watu. Uweso alijifungia chumba cha uani, akaiegemeza simu kwenye birika, akakaa mkekani, akaongea.

Wala isidhaniwe kwamba yule mama hakumfaa. Alimfaa sana. Alimfundisha kuvuta pumzi kwa tumbo anaposikia kifua kinaanza. Alimfundisha akirudi kutoka kazini asiingie ndani na ghala lake. Akae kidogo barazani mpaka machungwa yamtoke kichwani. Na juu ya yote alimfundisha kusema kweli. "Kaka Uweso, mkeo hawezi kutibu asichokijua," alimwambia. "Ukiwa na hofu, mwambie nina hofu. Akikuuliza jambo, mjibu lililomo moyoni, si lile unalodhani litamridhisha." Uweso alijaribu. Jioni moja alimwambia Mboni kwamba anaogopa machungwa yataoza yote na yeye ataonekana hafai. Mboni alishika mkono wake, na walikaa hivyo mpaka kahawa ikapoa. Bi Mwamvua kule chumbani hakusema neno.

Nyumba ikaanza kuwa na sauti. Hata Najat alianza tena kuimba uani. Na labda mambo yangeishia hapo, kwa heri, lakini Devota alikuwa mtu makini, na mtu makini husikia hata kile kisichosemwa.

"Nimegundua kitu," alimwambia Jumamosi moja. "Kuna neno unalizunguka. Juzi ulitaka kusema umeacha sigara, ukasema wewe na sigara mmepeana mkono wa kwaheri. Nilicheka, lakini baadaye nikafikiri."

Uweso akamweleza. Alimweleza talaka mbili na ile iliyobaki, na Devota alisikiliza kwa heshima, akaandika, akauliza maswali. Lakini kusikia ni jambo moja na kuzaliwa nalo ni jambo jingine. Kwao Devota ndoa hufungwa kanisani na neno la mtu mmoja aliyekasirika haliwezi kuifungua; huitwa wazee, huitwa mchungaji, hukaa mahakama. Alielewa kwamba talaka ya tatu ni nzito. Hakuelewa kwamba uzito wote ule unakaa kwenye ulimi, kwamba hauhitaji karatasi wala shahidi wala mke mwenyewe awepo. Yeye aliona mtu aliyefungwa na hofu ya neno, na katika kazi yake hofu ya namna hiyo ilikuwa na dawa inayojulikana: mtu husogezwa kwenye kitu anachokiogopa, kidogo kidogo, mpaka kikose meno.

Walianza mbali. Alimwambia aseme, "Acha mlango wazi." Uweso alitokwa na jasho, akasema. Akamwambia aseme, "Nimeacha funguo ofisini." Akasema. Juma lililofuata alisema "acha" kumi na zaidi kwa siku, akiwa peke yake barabarani, na hakuna lililoanguka kutoka mbinguni. Kifua kilitulia. Alilala usiku kucha. Devota alifurahi, akamwambia sasa imebaki hatua moja tu, ya mwisho, wataifanya wakionana tena.

Hilo "imebaki moja" lilimpita Uweso mgongoni kama maji baridi. Aliuliza hatua hiyo ni ipi. Devota alimweleza kwamba ataweka kiti kitupu mbele yake, aamini Mboni amekaa pale, amwambie yote aliyoshindwa kumwambia, na mwishowe alitamke neno lenyewe, lote, mara moja, alione kuwa ni sauti tu.

Hapo Uweso alipaswa kwenda kwa Shekhe Abdulghani na kusema waziwazi. Alikwenda kweli, lakini hakusema waziwazi. Aliona haya Shekhe ajue kwamba mambo yake anayapeleka kwenye simu kwa mwanamke wa Kikristo. Kwa hiyo aliuliza kama vile anauliza habari za mtu mwingine: je, mtu akiwa anasoma kitabu, na ndani ya kitabu limo neno la talaka, akalisoma kwa sauti?

Shekhe alikuwa anakata kucha kwa kisu kidogo. Alijibu bila kuinua kichwa kwamba msomaji hana neno, na mwalimu anayefundisha mlango wa talaka darasani hana neno, na anayesimulia aliyoyasema mwingine hana neno. Kisha akakitua kile kisu.

"Lakini anayemwelekezea mkewe, basi. Hata kwa mzaha. Mke akiwa hapa au akiwa Mombasa." Akamtazama. "Huyo msomaji wako, kwa nini asisome kitabu kingine?"

Uweso alicheka kidogo, akaaga. Njiani alijisemea kwamba zoezi ni kama darasa. Devota ni mwalimu, yeye ni mwanafunzi, kiti ni kiti. Alilirudia hilo mpaka akafika nyumbani, na kadiri alivyolirudia ndivyo lilivyozidi kufanana na kweli.

Jumamosi ikafika. Mboni na mama yake walikwenda Mabawa kwenye maulidi ya jamaa, Najat akaenda nao. Nyumba ilikuwa kimya, ule ukimya wa nyumba za zamani ambamo mabati hulia yenyewe kwa jua. Uweso alichukua kiti cha Mboni, kile cha mti chenye mguu uliofungwa kamba, akakiweka mbele yake. Devota alimwambia aweke kitu cha mkewe juu ya kiti, kimsaidie kumwona. Akatundika ushungi wake, ule wa buluu aliokuwa anauvaa ndani. Ushungi ulikaa kwenye mgongo wa kiti, ukashuka pande mbili, na kwa kweli ukafanana na mtu.

Hakujua kwamba magoti ya Bi Mwamvua yalimshinda njiani, kwamba alimwambia binti yake aendelee na mtoto, akapanda bodaboda akarudi. Aliingia kwa mlango wa mbele, polepole, kama wanavyoingia watu wenye magoti mabovu. Alivua viatu. Alikaa kitandani kwake kwenye chumba kinachopakana na kile cha uani, akashika tasbihi.

Uweso alianza kukiambia kiti habari za woga wake. Mwanzo maneno yalikuwa magumu, kisha yakafunguka. Alisema amechoka kutazamwa kila anapopandisha sauti. Alisema amechoka kuitwa mwenye moja ndani ya nyumba ambayo hata msumari si wake. Alisema kwamba kuna siku, akiwa Muheza, hutamani ghala liwe na kitanda asirudi. Alilia. Devota alimpa nafasi ya kulia, kisha akamwambia kwa upole, "Sasa neno lenyewe, kaka Uweso. Kama ulivyolisema hapo zamani."

Tasbihi ya Bi Mwamvua ilisimama.

Uweso aliutazama ule ushungi wa buluu. Akavuta pumzi kwa tumbo, kama alivyofundishwa.

"Mboni," alisema, "nimekuacha."

Bati likalia juu. Hakuna kingine kilichosikika. Devota akamuuliza sasa anajisikiaje.

"Mwepesi," alijibu Uweso, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Wallahi dada, mwepesi. Kama mtu aliyetua gunia."

Devota alimpongeza. Waliagana. Uweso alikaa akitabasamu peke yake, akanyoosha mkono kuutoa ushungi kitini, na ndipo aliposikia upande wa pili wa ukuta kitanda kinalia, mtu anainuka, na miguu mitupu ikiburuta kwenye sakafu kuelekea ukumbini. Alitoka akamkuta Bi Mwamvua amesimama, tasbihi imezungushwa kwenye mkono. Hakuwa na hasira usoni. Hilo ndilo lililomtisha.

"Mama," alisema Uweso, "lile lilikuwa zoezi."

"Nimesikia," alisema Bi Mwamvua. "La mwanzo nilisimuliwa. La pili nilisimuliwa. Hili nimelisikia mwenyewe, baba, na kiapo chake."

Akaenda kukaa barazani kumngoja binti yake.

Uweso hakusikia waliyozungumza mama na mwana. Aliwaona tu kutoka ukumbini, migongo yao, kichwa cha mama kimeinama karibu na sikio. Mboni hakupiga kelele. Aliinuka na kuingia ndani. Alipomwona Uweso amesimama pale, mumewe wa miaka yote hiyo, baba wa mtoto wake, alifanya kitu kimoja tu. Aliushusha mtandio wake, akajifunika kichwa mpaka kwenye paji, akaingiza nywele zote ndani, kama mwanamke afanyavyo fundi wa bomba akibisha hodi. Akampita akitazama chini.

Hapo Uweso akajua hasa kilichompata.

Siku zile alilala ukumbini kwenye kochi. Chakula kililetwa na Najat, akakiweka chini na kukimbia, bila kuelewa kwa nini. Mboni akizungumza naye alizungumza nyuma ya pazia, kwa sauti ya adabu, kuhusu ada ya shule au gesi iliyokwisha. Neno lolote la yao wenyewe alilijibu kwa namna moja: Shekhe ndiye atakayesema.

Uweso alimpigia Devota siku ambayo haikuwa yao. Alipomweleza, yule mama aliitua kalamu yake. Kisha aliomba radhi, na aliomba radhi ya kweli. Alisema alipaswa kuuliza watu wa dini kabla ya kumwagiza mtu jambo kama lile, na kwamba hatajisamehe. Alirekodi sauti yake akieleza kwamba zoezi lile alilitunga yeye, na maneno yale aliyaagiza yeye, ili Shekhe aisikie.

"Nitasema yote niliyoyafanya mimi," alimwambia. "Ulichokikusudia wewe, kaka Uweso, hicho siwezi kukusemea."

Walikaa kwa Shekhe Abdulghani Ijumaa baada ya sala. Wanaume walikaa mkekani, Mboni na mama yake nyuma ya pazia la mlango. Shekhe aliisikiliza ile sauti ya Devota mpaka mwisho, akaomba irudiwe, akasikiliza tena. Bi Mwamvua aliulizwa alichosikia, akasema, bila kuongeza na bila kupunguza.

"Bwana Uweso," alisema Shekhe, "ulinijia ukaniuliza habari za msomaji wa kitabu. Laiti ungeniuliza habari zako." Uweso aliinamisha kichwa. "Sikiliza. Kama ulilitamka kama mwanafunzi anavyotamka anachoagizwa, na moyo wako haukumwelekea mkeo, talaka haikuanguka, na Mboni ni mkeo kama jana. Kama ulimwelekea yeye, imeanguka, na kiti hakitakuokoa. Baina ya mambo hayo mawili hakuna shahidi ila wewe. Utaapa, nasi tutakipokea kiapo chako, na hesabu yako iko kwa Mungu."

Akaufungua mfuko wa kitambaa, akautoa Msahafu, akauweka juu ya marfaa, kile kibao chake cha kusomea. Uweso alikuwa amekuja na udhu wake. Alikuwa amejiandaa. Alikwisha kujiambia mara nyingi kwamba zoezi ni darasa na kiti ni kiti, na akanyoosha mkono wa kulia mbele.

"Shekhe," ilisema sauti ya Mboni nyuma ya pazia. "Kabla hajaapa, naomba nimuulize jambo moja."

Shekhe alimruhusu.

"Baba Najat, yule dada alipokuuliza unajisikiaje, ulimjibu umekuwa mwepesi kama aliyetua gunia. Ukaapa kwa Mungu. Mimi sina ugomvi na neno. Nataka kujua gunia. Ulichokitua siku ile ni ile hofu, au ni mimi?"

Mkono wa Uweso ulibaki hewani. Jibu lilikuwa jepesi, lilikuwa neno moja, na chumba kizima kilikuwa kinalingoja, hata Shekhe mwenyewe alionekana kulingoja kwa hamu. Hofu. Angesema hofu, akaapa, akarudi nyumbani, Mboni akavua mtandio, Najat akaimba. Alivuta pumzi. Na katika kuvuta pumzi aliuona tena ule ushungi wa buluu kwenye kiti, na akakumbuka kwamba kabla ya neno kumtoka, kwa kitambo kile kifupi, hakuona zoezi wala kiti. Alimwona Mboni. Aliona macho yake yanayomchunga, na mama yake nyuma ya ukuta, na mlango unaolia jioni. Na aliona chumba kitupu mahali fulani, chenye kitanda kimoja, ambamo hakuna mtu anayemhesabia. Na alikitamani.

Mkeo akikuuliza jambo, mjibu lililomo moyoni.

"Vyote," alisema Uweso. "Hofu, na nyumba, na wewe. Vyote nilivitua. Kisha nilipousikia mlio wa kitanda cha mama nikataka kuvitwika tena, lakini vilikuwa vimekwisha kushuka."

Nyuma ya pazia hapakusikika kilio. Alisikika Mboni akisema, "Ahsante," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyepewa maji. Shekhe Abdulghani aliutazama ule mkono uliokuwa bado umenyooka, akaushusha mwenyewe taratibu, akauchukua Msahafu na kuurudisha kwenye mfuko wake wa kitambaa.

"Talaka imeanguka," alisema.

Uweso hakurudi nyumba ile ila kuchukua nguo zake, na alizikuta zimekunjwa vizuri barazani, na miwani yake juu. Alipanda gari la Muheza jioni ile ile. Kwenye ghala palikuwa na kibanda cha mlinzi kisichotumika. Akakifagia, akaingiza kitanda cha kamba. Wanunuzi wa Nairobi nao, kama kwa kumdhihaki, walikuwa wamefika, na semitrela mbili zilikuwa zinapakiwa. Alitoka akasimama kwenye mlango wa ghala kusimamia, kama kawaida yake. Kifua kilikuwa kimetulia kabisa. Alikisikiliza, akangoja kigonge, hakikugonga.

Sele alikuwa amebeba tenga la machungwa yaliyolainika, yale yasiyofaa safari. Hakuwa na habari ya lolote.

"Bosi, hili halipandi hili," alisema. "Nilitie wapi?"

"Liache hapo," alisema Uweso.

Neno lilitoka laini, halikukwaa popote. Sele alisimama na tenga lake kichwani. Mpakiaji wa juu ya gari aligeuka, na wa chini akageuka, kazi yote ikasimama, watu wakamtazama usoni wakingoja acheke, ili na wao wacheke.

"Liache," alirudia, akaingia ndani.